Fundi Placida na sifuri iliyomchafua mzee Ndyamukama

Saa moja kasorobo asubuhi. Ukungu bado umelalia migomba ya kijiji cha Bweranyange, na Placida Kokwijuka amepiga magoti mbele ya mzani wa kahawa kama mtu anayesali. Hasali. Anatafuta skrubu iliyomdondoka.

"Ukiona fundi anatafuta kitu chini, usisogee," anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Utaikanyaga, halafu tutaitafuta wote mpaka saa sita."

Mwandishi anabaki na mguu mmoja hewani. Skrubu inaonekana chini ya ubao wa mzani, ndogo kama mbegu ya mchicha. Placida anaipuliza vumbi, anaibana mdomoni, kisha anakifunga kisanduku cha plastiki kilichokaa pembeni mwa mzani, cha aina ileile ambayo mafundi umeme huitumia kuunganishia nyaya. Kina kioo kidogo kinachowaka rangi ya bluu, mahali pa kugusisha kadi, na mdomo mwembamba unaotema karatasi kama za risiti.

Kisanduku hicho amekitengeneza mwenyewe. Programu iliyomo ndani ameiandika mwenyewe pia, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C.

Leo ni siku ya kufungua msimu wa kahawa katika kituo hiki cha ushirika, na wakulima wameanza kuwasili na magunia juu ya baiskeli na bodaboda. Lakini leo kuna jambo kubwa kuliko kahawa. Msimu uliopita kisanduku hiki kilimsingizia mtu mbele ya kijiji kizima. Mtu huyo ni mzee Rogasian Ndyamukama, mkulima na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Wakatoliki, na tangu siku ile hajaleta kahawa hapa wala kukanyaga baraza la kituo. Leo ameitwa arudishiwe jina lake. Kama litarudi kweli au halitarudi, hakuna anayejua, hata fundi Placida mwenyewe.

"Kisanduku nimekijaribu tangu jana," anasema. "Bado nakijaribu."

Placida ana miaka thelathini na minne na watoto wawili. Karakana yake iko Nyakahanga, kwenye njia iendayo hospitalini, kibanda cha mabati kilichojaa redio zilizofunguliwa vifua, simu zisizo na vioo na betri za sola zilizovimba. Wauguzi humletea simu, wakulima humletea redio, waendesha bodaboda humletea kila kitu. Siku nzuri humwachia shilingi elfu ishirini. Siku mbaya, anasema, humwachia vumbi.

Vipuri huvifuata Murongo, mpakani na Uganda, ambako amezoeana na wachuuzi kiasi kwamba humwekea pembeni vitu ambavyo wao wenyewe hawajui kazi yake. Wanamwita Mama Nyaya.

Kompyuta aliipata kwa mteja aliyeiacha itengenezwe na hakurudi. Alimngoja mwaka mzima kwa uaminifu, kisha akaanza kuitumia. Katika chuo cha ufundi alikosomea umeme na elektroniki walimfundisha kuunganisha. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe, akisoma masomo kwenye simu huku mtoto wake wa pili akinyonya.

Kwa nini C, lugha ambayo hata vijana wa mjini huikimbia?

"Kwa sababu hivi vidude ni maskini kama mimi," anasema, akigonga kisanduku kwa ukucha. "Kumbukumbu yake ni ndogo mno. Lugha nyingine zinataka nyumba ya ghorofa. C inakaa hata kwenye banda la kuku, mradi uipange vizuri."

Kazi ya kisanduku ni rahisi kuieleza. Mkulima anagusisha kadi, gunia linapimwa, malipo yanafanyika palepale, na karatasi ndogo inatoka ikiwa na alama ya mkulima. Karatasi hiyo hushonwa kwenye mdomo wa gunia. Jina haliandikwi, na ni kwa makusudi, ili wapimaji wa ubora kiwandani wasijue gunia ni la nani na wasipendelee ndugu wala kumkomoa mtu.

Alama yenyewe ni ya nafasi nne tu, kwa kuwa karatasi ni nyembamba. Hapo ndipo fundi alipoingia katika hesabu zinazoitwa heksadesimali, na hapo ndipo mwandishi alipoomba kiti.

Sisi tunahesabu kwa kumi, anaeleza, maana Mungu alitupa vidole kumi. Hesabu hizi zinakwenda kwa kumi na sita. Ukifika tisa huandiki kumi, unaandika A. Kumi na moja ni B, na kuendelea hadi kumi na tano, ambayo ni F. Baada ya hapo ndipo unahamia nafasi ya pili.

"Una miaka mingapi?" anamuuliza mwandishi.

Arobaini na saba.

"Gawa kwa kumi na sita. Inaingia mara mbili, inabaki kumi na tano. Kwa hiyo una miaka 2F." Anacheka. "Mimi kwa hesabu hizi nina ishirini na mbili. Msichana. Ndiyo maana nazipenda."

Mwandishi, aliyeacha hesabu kidato cha nne kwa ridhaa ya pande zote mbili, anauliza swali la mtoto: mashine inajuaje kuandika F?

Swali hilo linamfurahisha. Anaichukua bisibisi na kuandika ardhini. Ndani ya mashine, anasema, hakuna herufi hata moja. Kuna namba tupu. Kila alama tunayoiona kwenye kioo ina namba yake ya kudumu. Tarakimu 0 inajulikana kama arobaini na nane, 1 ni arobaini na tisa, mpaka 9 ambayo ni hamsini na saba. Herufi A ni sitini na tano. Kwa hiyo ukitaka mashine iandike tatu, hupeleki tatu. Unachukua tatu, unaongeza arobaini na nane, ndipo kioo kinaelewa.

"Mara ya kwanza niliongeza arobaini na nane kwa zote," anakumbuka. "Tisa ikaja vizuri. Kumi badala ya kuja A ikaja nukta mbili, moja juu ya nyingine. Kumi na moja ikaja nukta na mkato. Nikadhani kioo kimekufa. Nikakibadilisha. Kipya nacho kikaniletea nukta mbili zilezile."

Kioo hakikuwa na kosa. Kati ya 9 na A, kwenye orodha ya namba za alama, wamekaa wageni saba wasiohusika. Lazima uwaruke. Kuanzia kumi kwenda juu unaongeza hamsini na tano badala ya arobaini na nane.

"Siku nilipolijua hilo niliimba," anasema. "Mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia nimevuka watu saba. Akageuka akalala. Amezoea."

Ili jambo hili lieleweke kwa wakulima, Placida hutumia kitu kilicho mfukoni mwa kila mzee wa huku: akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni kabla hata hajaulizwa shida yake. Anaibandua punje moja. Ndani ya ganda moja mna mbegu mbili zilizolaliana kifua kwa kifua. Kwa mila za zamani, marafiki waliotaka kuwa ndugu walikula mbegu za ganda moja, kila mmoja yake, na kuanzia hapo mmoja hakuweza kumdhuru mwenzake.

"Chumba kimoja cha kumbukumbu ya mashine ni ganda," anasema. "Kwa heksadesimali ndani yake mna nafasi mbili. Daima mbili. Hata kama upande mmoja ni mtupu."

Sentensi hiyo ya mwisho alichelewa kuijua.

Kila kadi ina vyumba viwili. Cha kwanza kina namba ya kikundi cha mkulima, cha pili namba ya mkulima ndani ya kikundi. Vyumba viwili, nafasi nne. Lakini vikundi vingi vina namba ndogo, na namba ndogo upande wake wa kwanza huwa sifuri. Kikundi cha tano, kwa mfano, ni 05. Placida aliitazama ile sifuri ya mbele na kuiona haina kazi. Akaandika katika programu: nafasi ya kwanza ya chumba chochote ikiwa sifuri, usiichape.

Mtu mwingine angeweza kufanya kosa hilo kwa uvivu. Yeye, anasema, alilifanya kwa malezi.

"Mimi nimekulia kwenye kahawa. Ukishachuma unaimwaga kwenye ndoo ya maji. Nzima inazama, tupu inaelea. Kazi yangu tangu nina miaka sita ilikuwa kuengua zile tupu na kuzitupa. Mama alikuwa ananipiga kofi nikiacha moja. Sasa nikiona kitu kitupu mkono unaengua wenyewe. Niliiengua sifuri kama kahawa inayoelea, na nikajisifu programu imekuwa safi."

Ilikuwa safi kweli. Ilifanya kazi msimu mmoja na nusu bila lawama. Viongozi wa wilaya walikuja kuitazama, wakapiga picha nayo, mmoja wao akiwa ameishika juu chini.

Kisha likaja gunia.

Kiwandani, gunia moja kutoka kituo hiki lilimwagwa likakutwa na kokoto. Si moja wala mbili. Zilikuwa za kutosha kuharibu mashine ya kukoboa. Shehena nzima ya kituo ikashushwa daraja. Kikaratasi kilichokuwa kwenye mdomo wa gunia kilisomeka 12A.

Katibu wa kituo, Polikarpi Rwegasira, ni mtu mpole ambaye hadi leo hulieleza jambo hili akitazama viatu vyake. Aliitisha mkutano. Desturi ya kituo ni kwamba mikutano huanza kwa kusoma alama ya mkulima aliyeleta kahawa bora. Siku hiyo Polikarpi, kwa hasira na haraka, akaanza na habari mbaya. Alisimama akasema: "Mwenye 12A yuko hapa?"

Mzee Ndyamukama aliinuka akitabasamu. Alikuwa mmoja wa wachache walioijua alama yao kwa moyo. Hata wajukuu zake alikuwa amewafundisha. "Ni yangu hiyo," alisema, na watu waliokaa jirani naye wanakumbuka kwamba alikuwa tayari ameivua kofia, kama mtu anayepokea pongezi.

"Nilipoendelea kusoma," anasema Polikarpi, "kofia ilikuwa bado mkononi mwake. Waitu, ndugu yangu, nilitamani ardhi inimeze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka."

Mzee alikana. Alisema hajawahi kutia jiwe kwenye kahawa tangu azaliwe. Wengine walimwamini, wengine wakasema mashine haina undugu na mtu. Kadi yake ikafungiwa. Naye, bila kuambiwa, akakiacha kiti cha jumuiya. Mtu anayesemwa hivyo, aliwaambia waumini wenzake, hawezi kuongoza rozari. Kijijini watoto wakaanza kuziita kokoto "kumi na mbili A". Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja.

Siku chache baadaye mzee alikwenda Nyakahanga hadi karakana ya Placida. Hakwenda kugomba. Aliitikia shikamoo, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akauliza swali moja.

"Aliniuliza, 'Mwanangu, hiki kitu chako kinaweza kukosea?'" anasema Placida. "Nikamjibu, 'Hapana, mzee. Watu wanakosea, mashine inafuata.' Nilimjibu hivyo kabla hata hajamaliza kuuliza. Akasema, 'Haya, asante.' Akaondoka kwa miguu."

Anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi, na grisi inabaki shavuni. Anasema hajui lililo baya zaidi, lile kosa au lile jibu.

Ukweli ulijitokeza nyumbani kwa mama yake.

Mama huyo ni Therese, mjane wa miaka sitini na mitano anayeishi hapahapa Bweranyange katikati ya shamba lake la migomba na kahawa. Alikuwa amepoteza kadi yake, na siku ya mkutano ule hakuwepo. Alikuwa amekwenda kliniki ya macho. Placida alimtengenezea kadi mpya yenye namba zake zilezile: kikundi cha kwanza, mkulima wa arobaini na mbili. Akaijaribu uani, kwenye kisanduku cha akiba.

Kioo kikaandika 12A.

"Nikaitoa, nikaigusisha tena. 12A. Nikasema labda nimeweka namba za mzee kwa bahati mbaya. Nikaangalia, hapana. Za mama ni zake."

Alikaa chini palepale na kupiga hesabu kwa kijiti. Ndyamukama: kikundi cha kumi na nane, mkulima wa kumi. Kumi na nane ni 12. Kumi ni 0A. Alama yake halali ni 120A. Mama yake: moja ni 01, arobaini na mbili ni 2A. Alama yake halali ni 012A. Ondoa sifuri kwa kila mmoja, na watu wawili tofauti wanakuwa mtu mmoja, 12A.

"Sifuri haikuwa tupu," anasema. "Ilikuwa imemkalia mtu mahali pake. Nilipoiondoa, mwingine akasogea akakaa."

Halafu akainua macho. Mbele yake, uani, kahawa ya mama yake ilikuwa imeanikwa juani. Imeanikwa chini, juu ya ardhi tupu, kama alivyoanika bibi yake na bibi wa bibi yake. Kituo kilikataza jambo hilo zamani, kikitaka kahawa ianikwe juu ya vichanja vya miti. Kuku alikuwa akiparua pembeni, na kila alipoparua, changarawe zilirukia kahawa.

Therese hakuwa ametia mawe. Alikuwa ameyazoa, kwa ufagio, jioni, kwa macho yasiyoona vizuri.

Mwandishi alimuuliza Therese asubuhi hii alijibu nini binti yake alipomweleza. Walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kibaraza cha kituo, mama akiwa amevaa kitenge kipya na uso mgumu.

"Nilimwambia usinitaje," alisema. "Nilimwambia, nimekuzaa, nimekusomesha kwa hii hii kahawa, leo unataka kunianika mimi? Nikamwambia kama ni mashine imekosea, sema mashine. Mashine haina uso."

Placida alitii nusu. Alimwendea Polikarpi akamweleza kwamba programu ilikuwa ikichanganya kadi mbili, na kwamba mzee hana hatia. Mwenye kadi ya pili hakumtaja. Polikarpi hakumlazimisha. Viongozi wawili wakaenda kwa mzee kumwomba radhi, wakapelekewa viti, wakapewa akamwani. Mzee akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia: "Mlinihukumu barazani, mnaniomba radhi sebuleni. Nirudisheni mlikonitoa."

Ndiyo maana leo watu wamejaa.

Saa tatu baraza halina pa kuweka mguu. Magunia yamepangwa nje. Mzee Ndyamukama amefika, koti lake la kanisani likiwa limefungwa vifungo vyote, na amekataa kiti cha mbele. Amesimama nyuma, karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye hajaamua kama anabaki. Placida anamwendea na kumpigia goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," anajibu.

Polikarpi anaanza. Anasema mwaka jana kituo kilimwonea mtu. Anaeleza kwamba kisanduku kilikuwa na dosari, kwamba kilikuwa kikiruka sifuri, na kwamba sasa kimerekebishwa. Anamwita fundi. Placida anaeleza kwa kahawa yake ya kutafuna, ganda moja, mbegu mbili, na ulimi wake unajikwaa kwenye sehemu alizozizoea kuliko zote. Anasema: "Kosa ni langu. Mzee aliniuliza, nikamjibu vibaya. Naomba radhi."

Watu wananung'unika. Si manung'uniko ya kuridhika. Mama mmoja kwenye benchi la kati anasema kwa sauti ya kusikika kwamba maneno ya sifuri na sifuri haya ni ya kitaalamu mno, na kwamba viongozi wa dini siku zote hutafutiwa mlango wa nyuma. Kijana mmoja anauliza waziwazi: "Kama gunia halikuwa la mzee, lilikuwa la nani? Kokoto hazikutembea zenyewe."

Polikarpi anatazama viatu vyake.

Placida amesimama kando ya mzani, mkono juu ya kisanduku, na uso wake una hali ambayo mwandishi hangependa kuiona tena kwa mtu. Akisema, amemvua nguo mama yake. Asiposema, mzee atatoka kwenye mlango ule akiwa 12A mpaka kaburini. Mzee mwenyewe ameshaanza kugeuka.

"Lilikuwa langu."

Sauti inatoka kibarazani. Therese ameinuka. Anakuja mbele polepole, akishikilia mabega ya watu waliokaa, kwa sababu haoni vizuri ngazi.

"Lile gunia ni langu," anasema. "Sikutia mawe. Naanika chini. Mmenikataza, nimesikia, nikaendelea, kwa sababu vichanja vinataka mtu wa kuvijenga na mimi mtu huyo nilimzika. Macho yangu hayaoni kokoto. Huyu mzee amebeba mzigo wangu mwaka mzima na mimi nilijua nusu ya mwaka huo. Binti yangu alitaka kusema, nikamziba mdomo. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, sasa naficha nini?"

Hakuna anayecheka, ingawa amelisema kama mtu anayetaka wacheke. Anamgeukia mzee, anashindwa kumwona alipo, na anaomba radhi kuelekea mlangoni kwa ujumla.

Mwandishi ameshuhudia mikutano mingi ya ushirika na anajua kwamba hapa ndipo watu hukumbushana madeni ya babu zao. Mzee anatembea hadi mbele. Watu wanampisha bila kuambiwa.

"Therese," anasema, "uani kwako pana jua kuanzia saa ngapi?"

"Saa nne," anajibu mama, amechanganyikiwa.

"Basi kichanja tukiweke upande wa magharibi. Kesho nakuja na wanangu. Tutaanza asubuhi."

Kisha anatoa kadi yake mfukoni na kumpa Polikarpi, aifungue.

Baada ya hapo hakukuwa na hotuba. Mkutano ulivunjika wenyewe, kama inavyotokea watu wakitaka kwenda kusimuliana. Yule mama wa benchi la kati alikuwa wa kwanza kumshika Therese mkono ili ashuke ngazi. Foleni ikapangwa, mzani ukaanza kulalamika chini ya magunia, na karatasi zikatoka, kila moja na nafasi zake nne.

Placida alizitazama zikitoka kwa zaidi ya saa nzima. Alikuwa ameongeza pia kitu kingine kwenye programu, anasema: gunia likikataliwa kiwandani, mashine haitaji mtu mpaka mwenye kadi awe ameigusisha tena mbele ya katibu, faraghani. Hilo si jambo la heksadesimali. Ni la adabu, na hakuna somo la kwenye simu lililomfundisha.

Vituo vingine viwili, kimoja upande wa Kyerwa, vimemwomba avitengenezee visanduku. Anataka pia kufungua darasa dogo karakanani siku za Jumamosi kwa wasichana waliomaliza shule na kukaa nyumbani. Ameshapata benchi. Kompyuta za kuwatosha bado.

Mwandishi alimwomba aieleze mipango hiyo kwa utaratibu, akaandaa kalamu. Placida alikuwa anakusanya bisibisi zake haraka, akimtafuta mama yake kwa macho katika lile kundi.

"Mipango njoo uniulize wiki ijayo," alisema. "Kesho sifungui karakana. Mzee anakuja kwa mama, na nguzo za kichanja ni mimi wa kukata."